Kongosho: Kiungo Nilichokifundisha Kabla Sijakielewa

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha nilimtoa mtoto mgonjwa nje ya darasa nikidhani ana kiburi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Ilikuwa hivi. Somo ni baiolojia, kidato cha tatu, kipindi cha nne, mada ni homoni. Nilikuwa nimejiandaa haswa. Andalio la somo limesainiwa, ubaoni nimechora tumbo, ini na kongosho kwa chaki za rangi tatu, najiona mwalimu kamili. Binti mmoja wa dawati la pili alikuwa anasinzia. Nikamuuliza swali, akanitazama kama hanijui. Nikarudia. Akajibu kwa sauti ya juu, "Kwani we unataka nini?" Darasa zima likaguna. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwezi wa saba, wenzake wote wamevaa masweta, ila yeye jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Jasho sikuliona. Nilichoona ni utovu wa nidhamu tu. Nikamwambia akasimame karibu na mlingoti wa bendera mpaka adabu imrudie.

Hazikupita dakika kumi, akaanguka. Matroni alitoka mbio jikoni na kikombe cha maji yenye sukari, akamuinua kichwa, akamnywesha taratibu kwa sababu bado alikuwa anaweza kumeza. Baada ya robo saa hivi binti akaketi, akaangalia huku na huku, akauliza kiatu chake kimoja kiko wapi. Ndipo matroni akanigeukia: "Mwalimu, huyu ana kisukari, anachoma sindano. Hawakukwambia?"

Hawakuniambia. Lakini hatua ishirini tu kutoka pale, ubaoni kwangu, kongosho lilikuwa limechorwa kwa chaki ya kijani na mshale unaosema "insulini".

Kesho yake ni yeye aliyekuja ofisini kuniomba msamaha mimi. "Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuomba msamaha kwa maneno ya jana, hata siyakumbuki." Nikamwambia mwenye kuomba msamaha ni mimi, tukabaki tunatazamana wote hatujui la kusema. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza swali ambalo mpaka leo naliona ni bora kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa kwenye semina hapa chuoni. "Mwalimu, jana ulisema kongosho lina kazi mbili, kusaidia kumeng'enya chakula na kutoa insulini. Hospitali walituambia mimi kongosho langu halifanyi kazi. Sasa mbona chakula nakula na kinasagika vizuri tu?"

Nikatoa jibu la walimu wote wanaonaswa: swali zuri sana, tutalizungumza kipindi kijacho. Jioni nikarudi geto, nikafungua madesa yangu yote ya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na orodha ya homoni, orodha ya vimeng'enya, na alama 14 nilizopata kati ya 20. Jibu la yule binti halikuwemo. Ninachoandika hapa ni kile nilichokikusanya baadaye, kwenye vimbweta na maktaba, nikijaribu kulijibu.

Tuanze na mahali kilipo, maana hata hapo wengi tunabahatisha. Mtu anajua moyo uko wapi, ini liko wapi, hata wengu anaijua kwa jina la bandama kwa sababu wazee husema bandama imevimba. Kongosho je? Nimesimama kwenye foleni za mabucha mengi na sijasikia hata siku moja mtu akisema nipimie nusu kilo ya kongosho. Limejificha. Liko nyuma ya tumbo, limelala kwa mapana kwenye ukuta wa nyuma, karibu na uti wa mgongo. Mtu mzima analo lenye urefu wa sentimita 15 hivi na uzito unaokaribia gramu 100. Mfikirie kambale mdogo aliyelazwa kwa ubavu: kichwa kinene kipo upande wa kulia, kimekumbatiwa na duodeni, ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba iliyojipinda kama mkono, kisha shingo, kisha mwili, na mkia unaopita kushoto mpaka kuigusa wengu. Kwa kuwa liko nyuma kiasi hicho, daktari akikubonyeza tumbo hawezi kulishika, na likiuma maumivu yake mara nyingi hutoboa mpaka mgongoni.

Kujificha huko kumelifanya lidharauliwe kwa muda mrefu. Jina la kitaalamu, pankreasi, limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni "nyama tupu", yaani nyama isiyo na mfupa wala gegedu. Kwa karne nyingi wataalamu wa mwili waliliona kama mto tu, kitu cha kuegemeza tumbo au kulinda mishipa ya damu iliyo nyuma yake. Mwaka 1642, huko Padua, Italia, Johann Georg Wirsung alipasua maiti akaona kuna mfereji unapita katikati ya kongosho lote kutoka mkiani mpaka kichwani. Akauchonga kwenye bamba la shaba, akapiga chapa, akawatumia wataalamu wenzake akiwauliza ni wa nini. Kabla hajapata jibu la maana akauawa, mwaka 1643. Mfereji huo bado unaitwa kwa jina lake.

Sasa, mfereji ni habari kubwa, kwa sababu kitu chenye mfereji kina kitu cha kupeleka mahali. Na hapa ndipo kazi ya kwanza ya kongosho ilipo.

Chukua sahani ya kawaida ya kafeteria yetu, siku ambayo bumu limeingia: wali, maharage, kipande cha nyama kinachoelea kwenye mafuta. Tumboni chakula hicho kinakorogwa na asidi kali mpaka kinakuwa uji mchachu. Uji huo ukitoka tumboni kidogokidogo na kuingia kwenye duodeni, kuna hatari mbili. Ya kwanza, ukuta wa utumbo mwembamba haukujengwa kuvumilia asidi kama tumbo. Ya pili, chakula chenyewe bado hakijamaliza kuvunjwavunjwa. Wanga bado ni minyororo mirefu, protini imekatwa nusunusu, mafuta karibu yote yako vilevile.

Kongosho linashughulikia yote mawili. Kila siku linamimina kwenye duodeni kiasi cha lita moja hadi lita moja na nusu ya maji yasiyo na rangi. Soma tena hiyo namba. Kiungo cha gramu 100 kinatoa maji mara kumi au zaidi ya uzito wake, kila siku, na wewe hata hukijui. Maji hayo yana bikaboneti nyingi, ambayo ndiyo inayoizima asidi ya tumboni, na yana vimeng'enya vya kila aina ya chakula. Amilesi inakata wanga wa wali. Lipesi inakata mafuta, baada ya nyongo kutoka kwenye ini kuyatawanya kwanza kuwa matone madogo. Tripsini na wenzake wanakata protini ya nyama na maharage. Mfereji wa kongosho na mfereji wa nyongo hukutana na kumwagia kwenye tundu moja ukutani mwa duodeni, tundu lenye msuli wa duara unaofunga na kufungua. Ndiyo maana kijiwe cha nyongo kikikwama pale mlangoni, kinaweza kuleta balaa kwa majirani wote wawili, ini na kongosho.

Nani analiambia kongosho kwamba chakula kimefika? Zamani ilidhaniwa ni mishipa ya fahamu peke yake. Januari 1902, London, William Bayliss na Ernest Starling waliikata mishipa yote ya fahamu iliyokwenda kwenye kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi kwenye kipande hicho. Kongosho likatoa maji yake vilevile. Kwa hiyo ujumbe ulipita njia nyingine, yaani damu. Ukuta wa utumbo ukiguswa na asidi unaachia kemikali iitwayo sekretini, inasafiri kwenye damu, inazunguka mwili mzima, inafika kongosho na kulishtua. Mwaka 1905 Starling akaanza kutumia neno homoni kwa vitu vya namna hii, kutoka neno la Kigiriki la kuamsha au kuchochea. Mimi nilipojua hili nilicheka peke yangu maktaba. Nimekariri homoni tangu kidato cha tatu, kumbe neno lenyewe limezaliwa kutokana na habari za kongosho, na homoni ya kwanza kujulikana ilikuwa ile inayopelekwa kwake, siyo inayotoka kwake. Baadaye ikajulikana ya pili, kolesistokinini, ambayo huachiwa utumbo ukionja mafuta na protini. Hiyo ndiyo inayoliambia kongosho lete vimeng'enya, na wakati huohuo inauminya mfuko wa nyongo.

Lakini kuna jambo lilinisumbua. Ikiwa tripsini inakata nyama, na kongosho lenyewe ni nyama tupu, kwa nini halijili? Jibu ni kwamba linaitengeneza silaha ikiwa imefungwa. Kinachotoka kwenye kongosho siyo tripsini, ni tripsinojeni, umbo lenye kipande cha ziada kinachoizuia kufanya kazi. Ufunguo wa kukata kipande hicho uko ukutani mwa duodeni, siyo ndani ya kongosho. Ikifika huko inafunguliwa, na tripsini chache zikishafunguka zinawafungua wenzao. Juu ya hapo kongosho linaweka pia kizuizi cha akiba, endapo moja mbili zitafunguka mapema. Ni mpango mzuri, ila huvunjika. Vimeng'enya vikifunguka vikiwa bado ndani, kongosho linaanza kujimeng'enya lenyewe. Maumivu yake husemwa kuwa kati ya makali kabisa ya tumbo, na wengine hufa. Sababu mbili zinazoongoza ni vijiwe vya nyongo na pombe. Hiyo ya pili nawaachia wale wa wikiendi ndefu, wanajijua.

Mpaka hapa sijamjibu binti. Vyote nilivyoeleza, maji, bikaboneti, vimeng'enya, ni kazi ya sehemu kubwa mno ya kongosho, asilimia 98 hivi ya nyama yake. Ni seli zilizojipanga kwa vikundi mithili ya vichane vya zabibu, kila kikundi na kijifereji chake kinachoungana na kingine mpaka kufika mfereji mkuu. Zile asilimia mbili zilizobaki, au hata pungufu ya hapo, ndizo zilizomfanya aanguke.

Aliyeziona kwanza alikuwa mwanafunzi. Februari 1869, Berlin, kijana wa miaka 21 aitwaye Paul Langerhans aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari. Alikuwa amelitazama kongosho la sungura kwa hadubini na kuona, katikati ya vile vichane, madoa ya seli za aina nyingine, zimejikusanya peke yake kama visiwa. Hazikuwa na mfereji. Akazieleza kwa makini, na kuhusu kazi yake akakiri kwamba haijui. Hebu fikiria utetezi wa tasnifu hapa kwetu, mtu akiulizwa umuhimu wa utafiti wake ajibu sijui. Langerhans alifariki 1888 bado hajui. Mwaka 1893 mwanasayansi wa Ufaransa, Édouard Laguesse, ndiye aliyeviita visiwa vya Langerhans.

Mtu mzima ana visiwa hivi milioni moja kwa makadirio. Ukivikusanya vyote pamoja havijazi hata nusu kijiko cha chai. Ndani yake kuna seli za aina kadhaa, na kwa hadithi yetu mbili zinatosha. Seli beta, ambazo ni zaidi ya nusu, zinatoa insulini. Seli alfa zinatoa glukagoni. Kuna pia seli delta, zinazotoa homoni ya kuwatuliza hao wawili wasizidishe. Kwa kuwa hazina mfereji, seli hizi zinaachia mali yake moja kwa moja kwenye damu, na ndiyo sababu kila kisiwa kimezungukwa na kupenywa na mishipa midogo ya damu kuliko nyama iliyo jirani yake.

Kazi yenyewe ni kulinda kiasi cha sukari kwenye damu, na kiasi hicho ni kidogo kuliko unavyodhani. Damu yote ya mtu mzima asiyekula tangu usiku ina glukosi ya gramu tano hivi. Ni kijiko kimoja cha chai. Soda moja ya kawaida ina sukari ya vijiko saba au nane. Kwa hiyo ukinywa soda yako pale kantini, kama hakuna wa kuipokea hiyo sukari, ungeizidisha damu yako mara kadhaa ndani ya saa moja. Anayepokea ni insulini. Sukari ikipanda, seli beta zinaihisi zenyewe na kuachia insulini. Insulini inapita kwenye misuli na mafuta inagonga milango, sukari inaingia ndani. Inapita kwenye ini, inaliambia liiweke sukari akiba kwa umbo la glikojeni na liache kutengeneza nyingine. Sukari ikishuka, seli beta zinanyamaza.

Usiku ni zamu ya glukagoni. Wewe umelala njaa kwa sababu bumu limekata tangu tarehe kumi, chakula cha mwisho ni chai na andazi moja la saa kumi jioni, lakini asubuhi unaamka mzima na unawahi kipindi cha saa moja. Sukari inaposhuka taratibu, seli alfa hutoa glukagoni, na glukagoni hulifungulisha ini lile ghala la glikojeni. Hilo ndilo linaloulisha ubongo usiku kucha. Na ubongo ni mlaji mkubwa, unatumia gramu 120 hivi za glukosi kwa siku, na hausubiri insulini kuufungulia mlango, unajichukulia moja kwa moja kutoka kwenye damu. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Kisa cha kugundua haya kimejaa bahati. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walikuwa wanabishana kuhusu mafuta: je, mnyama asiye na kongosho ataweza kumeng'enya mafuta? Walikuwa wanawaza kazi ile ya kwanza tu. Wakamtoa mbwa kongosho lote. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, mkojo mwingi, na Minkowski alipoupima akakuta sukari. Mbwa alikuwa amepata kisukari. Kisha likafuata jaribio ambalo ndilo hasa jibu la swali la binti. Watafiti walifunga mfereji wa kongosho bila kuliondoa. Umeng'enyaji ukaharibika, zile seli za vichane zikasinyaa, lakini kisukari hakikutokea. Tena Minkowski akachukua kipande cha kongosho akakipandikiza chini ya ngozi ya mbwa, mahali pasipo na mfereji wowote wa kwenda utumboni, na mbwa huyo hakupata kisukari hata kongosho lililobaki lilipoondolewa.

Maana yake ni nini? Ni nyumba moja yenye familia mbili, na kila familia ina mlango wake. Mlango wa mbele, ule mfereji, unakwenda utumboni. Mlango wa nyuma unakwenda kwenye damu. Unaweza kuua familia moja na nyingine ikabaki. Wale mbwa walifungiwa mlango wa mbele, visiwa vikabaki hai. Yule binti ni kinyume chake. Katika kisukari cha aina ya kwanza kinga ya mwili yenyewe inazigeuka seli beta na kuziua, moja baada ya nyingine, huku seli za vimeng'enya zilizo jirani kabisa zikiachwa. Kwa hiyo aliyemwambia kongosho lake halifanyi kazi alikosea, au alifupisha. Kongosho lake asubuhi ya siku ile lilikuwa linaandaa maji yake kama kawaida. Kilichokufa hakizidi nusu kijiko.

Kisukari cha aina ya pili, kile cha wazazi wetu wengi, ni habari nyingine kidogo. Seli beta zipo na zinatoa insulini, ila mwili umekuwa mzito kuisikia, na baada ya miaka ya kupiga kelele bila kusikilizwa seli hizo huchoka. Nitaishia hapo, hicho kinastahili makala yake.

Insulini yenyewe ilipatikana Toronto, Kanada. Kiangazi cha 1921 daktari mpasuaji Frederick Banting alipewa chumba cha maabara, mbwa kadhaa na msaidizi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza, Charles Best, miaka 22. Umri wangu. Inasimuliwa kwamba Best na mwenzake walirusha sarafu kuamua nani aanze kazi hiyo. Wazo la Banting lilitokana na tatizo moja: kila aliyejaribu kusaga kongosho ili apate dawa, vimeng'enya vya familia ya kwanza viliila mali ya familia ya pili. Akafikiri, nikifunga mfereji, seli za vimeng'enya zitasinyaa, nitabaki na visiwa. Wakaendelea chini ya Profesa John Macleod, na mkemia James Collip akajiunga kuisafisha dawa. Januari 11, 1922 walimchoma sindano kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa anakufa. Dawa ilikuwa chafu, haikumsaidia sana. Januari 23 wakamchoma ile iliyosafishwa na Collip, sukari ikashuka. Thompson aliishi miaka mingine 13. Haki ya ugunduzi huo iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola 1 kwa kila mmoja wa waliosaini.

Kipindi kilichofuata nilirudi darasani na jibu langu. Nilipomaliza binti akanyoosha mkono tena. "Kwa hiyo mwalimu, ndo maana haiwezi kuwa kidonge?" Alikuwa amelifikia mwenyewe. Insulini ni protini, mnyororo mdogo wa asidi amino 51. Ukiimeza, tumbo na kongosho wataikata kama wanavyokata maharage. Vimeng'enya vyake vizima, vile vilivyosalimika, ndivyo vinavyomlazimisha achome sindano.

Sasa turudi pale kwenye mlingoti. Asubuhi ile alichoma sindano yake saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, akitegemea uji wa saa moja. Uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Wanafunzi wakapelekwa kufyeka kwanza, na misuli inayofanya kazi inakula sukari zaidi. Kwako na kwangu sukari ikishuka hivyo seli beta zinanyamaza. Sindano hainyamazi. Insulini iliyokwisha kuingia chini ya ngozi inaendelea kugonga milango, haijui kuni ni mbichi. Na kwa mtu mwenye aina ya kwanza, glukagoni nayo mara nyingi haitoki inavyotakiwa sukari inaposhuka, kwa kuwa seli alfa zimezoea kusikia kutoka kwa jirani zao beta, na jirani hawapo tena. Kwa hiyo sukari ikazidi kushuka, na wa kwanza kuumia ni yule mlaji mkubwa, ubongo. Mwili ukapiga king'ora: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kisha usingizi, kuchanganyikiwa, hasira, maneno makali. "Kwani we unataka nini" ilikuwa dalili. Nami nilikuwa na kitabu mkononi.

Hili liko hapa chuoni pia. Hosteli zetu zina watu wanaochoma sindano na wengi wao hawasemi, na mtu akiyumba korido usiku tunasema kalewa, au tunaanza kumuombea. Akiwa na dalili hizo na anaweza kumeza, mpe sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda, siyo ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, kama bado, rudia. Akizinduka ale chakula cha kweli. Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali. Na ule usemi wa korido kwamba mgonjwa wa sukari haruhusiwi sukari, kwa dakika hizo unaua. Ukiwa hujui kama imepanda au imeshuka, mpe. Iliyopanda huchukua masaa na siku kumuumiza, na kijiko cha ziada hakitaibadili sana. Iliyoshuka huchukua dakika.

Kuna kitu kimoja nilimwambia vibaya na nikakirekebisha wiki ya mwisho. Nilisema familia ile nyingine haijaguswa kabisa. Siyo kweli kabisa. Damu inayotoka kwenye visiwa hupita kwanza kwa seli za jirani ikiwa na insulini nyingi, na insulini hiyo huzisaidia kunenepa. Kwa watu wenye aina ya kwanza kongosho lote huwa dogo kuliko la wenzao, na wengine hutoa vimeng'enya pungufu, ingawa wengi bado wanamudu chakula chao. Alinisikiliza, akaandika, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, wanajua kwamba jirani hawapo?"

Nikamwambia ndiyo, wanajua. Akafunga daftari, akaniaga, akaenda kuwahi uji. Siku hizo jikoni walikuwa wanamwekea kikombe chake kando, saa moja kamili, hata kama wengine bado.